Ukuta wa Tajiri na Gunia la Unga: Ufadhili katika Michoro ya Viwanda

Utangulizi

Wanafunzi wa fasihi yetu wanalifahamu suala la ufadhili kwa njia ya ushairi. Muyaka wa Mwinyihaji, kwa mfano, hasomeki vema bila kuzingatia uhusiano wake na watawala wa Kimazrui wa Mombasa. Makala haya yanalihamishia suala hilo katika uwanja wa picha, na yanauliza swali moja: mwenye kiwanda anapomlipa msanii ili achore kazi ya kiwanda hicho, ananunua nini hasa? Tutaangalia kwanza mfano mashuhuri wa Detroit, Marekani, kisha tutaulinganisha na picha zilizochorwa Katanga, ambako Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kambi za wafanyakazi wa migodi.

Mfadhili na ukuta wake

Mwaka 1932 mchoraji wa Meksiko, Diego Rivera, aliitwa Detroit na mkurugenzi wa jumba la sanaa la mji huo, William Valentiner. Fedha zilitolewa na Edsel Ford, rais wa kampuni ya magari iliyoanzishwa na baba yake, Henry Ford. Mapatano ya kwanza yalikuwa dola 10,000 kwa kuta mbili. Rivera alipotaka kuzichora kuta zote nne za ua wa ndani, malipo yaliongezwa yakapita dola 20,000. Kazi ilikamilika Machi 1933, ikiwa na sehemu 27.

Ufundi uliotumika ni ule wa kupaka rangi juu ya lipu mbichi ya chokaa. Lipu inapokauka, rangi hunaswa ndani yake na kuwa sehemu ya ukuta. Matokeo yake ni kwamba mchoro wa namna hii hudumu sana, lakini hauhamishiki kwa urahisi. Mwenye ukuta ndiye mwenye uhai wa mchoro.

Rivera alitumia miezi kadhaa kukichunguza kiwanda cha River Rouge, huko Dearborn. Ukuta wa kaskazini unaonyesha utengenezaji wa injini ya V8 ya mwaka 1932. Ule wa kusini unaonyesha uundaji wa bodi za magari. Wafanyakazi wamejaa tele, migongo imeinama, na wasimamizi wanawatazama. Edsel Ford na Valentiner wenyewe wamewekwa pembeni, chini, katika ukuta wa kusini. Mchoro ulipofunguliwa, baadhi ya viongozi wa dini na wahariri wa magazeti walidai ufutwe, hasa kwa sababu ya sehemu ya mtoto anayechanjwa, waliyoiona kuwa ni dhihaka ya kuzaliwa kwa Yesu. Ford alimtetea msanii wake, na mchoro ukabaki.

Bahati hiyo haikujirudia. Mwaka huohuo, 1933, Rivera alichora katika jengo la Rockefeller Center, New York, na akaiweka humo sura ya Lenin. Alipokataa kuiondoa, alilipwa ujira wake wote, akasimamishwa kazi. Februari 1934 mchoro ukabomolewa. Katika mifano yote miwili msanii alilipwa. Kilichotofautiana ni uamuzi wa mwenye ukuta tu.

Kisichochorwa

Hata hivyo, kubomolewa sio hasara pekee. Tarehe 7 Machi 1932, majuma machache kabla Rivera hajawasili, watu wasio na kazi waliandamana hadi lango la River Rouge wakidai ajira na msaada. Polisi na walinzi wa kampuni waliwafyatulia risasi. Wanne waliuawa na wa tano akafa baadaye kwa majeraha. Katika sehemu zote 27, tukio hilo halimo. Kazi imeonyeshwa kwa undani wa kustaajabisha, lakini mauaji ya langoni hayakuonyeshwa. Hatuna haja ya kudhani kwamba Ford alitoa amri yoyote. Ufadhili unaweza kuleta ukimya hata pale mfadhili anapokuwa mpole na msanii anapokuwa mwanamapinduzi.

Katanga: picha isiyo na ukuta

Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliutawala uchumi wa Katanga hadi ilipotaifishwa mwaka 1967. Huko nako kulimwagika damu: tarehe 9 Desemba 1941, katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, askari waliwapiga risasi wafanyakazi waliogoma, wakaua makumi. Aliyelichora tukio hilo, zaidi ya miaka 30 baadaye, hakuwa na mfadhili mwenye kiwanda.

Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mwaka 1947. Alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga na kuuza kwa bei ndogo kwa wafanyakazi na makarani, waliotundika picha sebuleni. Picha hizo zilitakiwa kuwa ukumbusho: mgeni huitazama, mwenyeji husimulia. Mnamo 1973 na 1974 mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi, alimhimiza achore historia nzima ya nchi, akanunua picha zipatazo 100, na kurekodi maelezo yake kwa Kiswahili cha Katanga. Mazungumzo hayo yalichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1996.

Fabian naye, basi, alikuwa mfadhili. Pasipo fedha zake na udadisi wake, mfululizo huo usingekuwapo. Alichopata msanii ni uhuru wa kuwachora waliouawa. Kilichopotea ni ukaribu, kwani picha zilihamia Amsterdam, mbali na sebule zilikozaliwa. Gunia la unga ni huru kwa sababu halina ukuta, na kwa sababu hiyohiyo huchukulika.

Hitimisho

Tumeona kwamba fedha za mfadhili hununua rangi, muda na nafasi. Hazinunui jicho la msanii moja kwa moja, lakini huamua ni wapi jicho hilo litasimama. Jambo hili si la historia tu. Kanyaruchinya, kaskazini ya Goma, kwenye barabara ya kwenda Rutshuru, ilipokea maelfu ya watu waliokimbia vita, mwaka 2012 na tena mwaka 2022. Upande wa magharibi, huko Rubaya katika Masisi, wachimbaji wameitoa ardhini kwa mikono koltani itumikayo katika simu za dunia nzima. Endapo siku moja mfanyabiashara wa madini atamlipa kijana wa Goma achore kazi hiyo katika ukuta wa kando ya barabara ile, tuupokee mchoro kwa shukrani, kwa kuwa kazi ya watu inastahili kuonekana. Lakini mhakiki asiishie kwenye kilichochorwa. Aulize pia ni nani hayumo, na awaulize wale wanaopita hapo, kwa lugha yao, wangependa kukumbushwa nini.