Insulini ya Usiku Kucha

Anayejidunga insulini huhangaika na sukari mchana, lakini usiku ndio unaomtia hofu. Sukari ikishuka mno saa nane usiku, aliyelala huenda asihisi jasho wala moyo kwenda mbio. Ataamka asubuhi kichwa kinamgonga na shuka limelowa, au wenzake watamkuta hajitambui. Ndiyo maana mtu akiniuliza insulini ipi ya muda mrefu ni bora, kwanza nataka kujua usiku wake ukoje.

Mwili hauhitaji insulini wakati wa kula tu. Ini humimina sukari katika damu hata umelala, na kongosho lenye afya hutoa insulini kidogo kidogo saa zote 24. Insulini ya muda mrefu huiga kazi hiyo.

Kongwe inayotumika hadi leo ni NPH, iliyotoka Denmark katika maabara ya Hans Christian Hagedorn miaka ya 1940. Ndani yake insulini imeunganishwa na protamini, protini iliyopatikana kwenye manii ya samaki, ili iyeyuke polepole chini ya ngozi. Ndiyo ile nyeupe kama maziwa, ambayo kichupa chake lazima kiviringishwe taratibu viganjani hadi weupe uenee. Bila hivyo dozi ya leo haitalingana na ya jana. Kasoro yake ni kwamba ina kilele. Nguvu yake hupanda kati ya saa ya 4 na ya 10 baada ya kudunga, kisha hufifia. Aliyedunga saa mbili usiku atakipata kilele hicho kati ya saa sita usiku na mapambazuko, tumbo likiwa tupu.

Glarjini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000, ina ufundi wa kikemia unaonifurahisha kila ninapoueleza. Asidi amino moja ilibadilishwa na mbili zikaongezwa, ikawa insulini inayoyeyuka vizuri kwenye asidi tu. Kichupani ni angavu kabisa. Ikiingia chini ya ngozi, ambako hakuna asidi hiyo, huganda kuwa chembe ndogo sana zinazoachia insulini kwa takriban siku nzima bila kilele kikubwa. Kwa sababu hiyohiyo haichanganywi na insulini nyingine kwenye bomba moja la sindano. Insulini nyingine mpya, detemiri, imeunganishwa na asidi ya mafuta ili ishikamane na albumini, protini ya damu. Degludeki hujiunga minyororo mirefu chini ya ngozi na kudumu zaidi ya saa 42.

Je, hizi mpya zinashusha sukari kuliko NPH? Kwa HbA1c, kipimo cha wastani wa miezi 2 hadi 3, tofauti ni ndogo mno. Faida iko usiku, kwani sukari hushuka mara chache zaidi. Hata hivyo, uchunguzi wa 2018 kwa wagonjwa zaidi ya 25,000 wa kisukari cha aina ya pili, kaskazini mwa California, haukuona kwamba insulini mpya ziliwapunguzia watu safari za hospitali kwa dharura ya sukari kushuka. Kwa hiyo mwenye aina ya pili anayelala salama na NPH, sioni kwa nini auze mbuzi anunue glarjini. Aina ya kwanza ni habari nyingine, hasa kwa mtoto ambaye mama yake huamka kila usiku kumpima. Hapo pesa ya ziada ina maana, na nilifurahi WHO ilipoziingiza insulini hizi kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021.

Ramadhani nayo ina hesabu yake: kwa wengi wanaodunga mara moja kwa siku, miongozo hushauri dozi ihamie wakati wa futari na ipunguzwe kwa asilimia 15 hadi 30, baada ya kuonana na daktari kabla mwezi haujaandama.

Sasa imekuja ikodeki, ya mara moja kwa wiki, iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2024. Sindano 52 kwa mwaka badala ya 365! Kwa aina ya pili inavutia sana. Kwa aina ya kwanza, majaribio yalionyesha sukari ikishuka mara nyingi zaidi kuliko kwa degludeki ya kila siku, na dozi iliyozidi haiwezi kupunguzwa kesho yake. Hubaki mwilini ikifanya kazi kwa siku kadhaa.