Fizi na Baraka: «Pole» husema yeyote, «nisamehe» husema aliyekosa

Kule Baraka, mvuvi akipoteza nyavu zake ziwani, jirani humwambia «pole». Mama akirudi toka shambani na mzigo kichwani, huambiwa «pole na kazi». Msiba ukiingia nyumbani, kila anayefika matangani husema «poleni sana», hata kama hakumjua marehemu. Wote hao hawakukosa kitu. Wanasaidia tu kubeba uchungu wa mwenzao.

«Nisamehe» ni neno lingine. Anayelitamka amekubali kwamba yeye ndiye aliyekosa. Na anayeambiwa ana haki ya kusamehe ao kukataa.

Katika eneo la Fizi, tofauti hiyo si mambo ya shuleni tu. Tarehe 1 mwezi wa kwanza 2011, katika mji mdogo wa Fizi, wanajeshi wa FARDC walivamia nyumba na maduka, wakapiga raia na kubaka wanawake. Mwezi uliofuata, korti ya kijeshi ilisafiri hadi Baraka kusikiliza kesi hiyo karibu na wahanga. Wanawake 49 walitoa ushahidi. Luteni kanali Kibibi Mutware, aliyekuwa mkubwa wa wanajeshi hao, alikana mashitaka. Tarehe 21 mwezi wa pili 2011, korti ilimhukumu kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Wanajeshi wengine pia walipewa vifungo.

Hukumu ilisema nani aliyekosa. Lakini hakuna hakimu anayeweza kumlazimisha mtu aseme «nisamehe» kutoka moyoni.

Wacheki nao wana maneno mbalimbali

Si Waswahili peke yao wanaotenganisha maneno haya. Kicheki, lugha ya watu karibu milioni 10 katikati ya Ulaya, kinafanya vilevile. Kwenye msiba, Mcheki husema «upřímnou soustrast». Neno «soustrast» limeunganishwa na sehemu mbili: «pamoja» na «mateso». Ni kama kumwambia mfiwa: tunateseka pamoja nawe. Hiyo ni pole ya matanga.

Aliyemkanyaga mtu njiani husema «promiňte», yaani mnisamehe. Aliyefanya kosa kubwa zaidi husema «omlouvám se», naomba radhi. Hapo hakuna kujificha.

Lakini kati ya maneno hayo kuna «je mi líto», maana yake «nasikia huzuni». Daktari analitumia kwa mgonjwa ambaye hakumkosea, na mtu aliyekosa analitumia pia. Neno la serikali na barua rasmi ni «lituji», nasikitika. Maneno haya mawili yanaonyesha huzuni bila kusema wazi nani aliyeileta. Ndiyo maana wanasiasa wanayapenda.

Tarehe 21 mwezi wa kwanza 1997, mjini Prague, Ucheki na Ujerumani zilitia sahihi tangazo la pamoja juu ya vita ya pili ya dunia na yaliyofuata. Ujerumani ilisikitikia mateso ambayo Wanazi waliwaletea Wacheki. Ucheki nao ulisikitikia kufukuzwa kwa Wajerumani karibu milioni 3 kisha vita. Neno lililoandikwa kwa Kicheki lilikuwa «lituje», anasikitika. Halikuwa «omlouvá se», anaomba radhi. Vyama vya waliofukuzwa havikuridhika. Hata hivyo, nchi hizo mbili hazikuishia kwenye neno: ziliunda mfuko wa pamoja, na pesa zake zilisaidia pia watu walioteswa na Wanazi.

Masikitiko ya Mfalme

Wakongomani wanaijua hadithi ya namna hiyo. Tarehe 30 mwezi wa sita 2020, Kongo ilipotimiza miaka 60 ya uhuru, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimwandikia Rais Félix Tshisekedi barua ya masikitiko makubwa juu ya majeraha ya zamani. Mwezi wa sita 2022 alikuja mwenyewe. Alirudilia masikitiko hayo Kinshasa, kisha akafika Bukavu, mji mkuu wa jimbo la Kivu ya Kusini, na kutembelea hospitali ya Panzi ya Daktari Denis Mukwege.

Alisema anasikitika. Hakuomba msamaha. Mwisho wa mwaka huohuo, kamati ya bunge la Ubelgiji juu ya ukoloni ilimaliza kazi bila kupatana juu ya neno hilo. Moja ya hofu ilikuwa kwamba, ukisha kuomba msamaha, utaulizwa pia malipo.

Hofu hiyo inaonyesha uzito wa neno lenyewe. Pole haina deni. Msamaha unalo, na kila mzee anayesuluhisha ugomvi kijijini anajua hivyo: aliyevunja mtumbwi wa mwenzake hatamaliza maneno kwa kusema pole. Atakubali kosa, kisha watazungumza juu ya mtumbwi.

Kwa wahanga wa vita, deni hilo bado ni kubwa. Mara nyingi korti za Kongo zimeagiza fidia, na mashirika ya haki za binadamu yamelalamika kwamba hailipwi. Sheria ya tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 2022 ilitambua haki ya wahanga wa ubakaji wa vita kupata fidia, na mfuko wa FONAREV umewekwa kwa kazi hiyo.

Wageni wanaofika Fizi na Baraka wataendelea kusema pole, na ni vizuri waseme. Mtu aliyeumia anahitaji kujua kwamba hayuko peke yake. Lakini pole ya mgeni haiwezi kuchukua nafasi ya msamaha wa aliyekosa, wala msamaha wa mdomo hauwezi kuchukua nafasi ya kutengeneza kilichovunjwa.