Siri ya Mtungi

Wazee wetu husema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kata huingia ndani ya mtungi kila siku, ikajua kama maji ni mengi au machache, safi au machafu. Siku hizi katika nyumba nyingi imo kata nyingine, nayo ni simu. Yajua mahali mwenyewe alipolala, njia aliyopita asubuhi, rafiki anaozungumza nao na vitu anavyotamani kununua. Lakini kata ya mtungi hunyamaza. Simu yaweza kupeleka habari hizo mbali, kwa watu ambao mwenye nyumba hajapata kuwaona.

Labda utauliza, "Watu hao wazitakia nini habari zangu, nami si mtu mkubwa?" Jibu lake ni biashara. Kampuni nyingi hutoa programu za simu bila kudai hata senti moja. Hata hivyo, ni lazima kampuni ilipe wafanyakazi wake na mitambo yake. Basi hukusanya habari za watu, ikapata kujua kwamba huyu apenda mpira, na yule ana mtoto mchanga. Kisha wafanyabiashara huilipa, ili matangazo yao yaonyeshwe kwa watu wanaoelekea kununua. Kwa hiyo kitu kiitwacho cha bure mara nyingi kina bei yake, ila bei hiyo hailipwi kwa fedha.

Tena, mtu atoapo siri zake, huenda akatoa na za wenzake. Sikilizeni mambo yaliyotokea. Mwaka 2014 mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alikusanya habari za watu kwa programu ya maswali iliyotumika katika Facebook. Watu wapatao 270,000 waliikubali programu hiyo, wakajibu maswali juu ya tabia zao. Wengi walidhani wametoa habari zao wenyewe tu. Kumbe, kwa kanuni za Facebook za siku zile, programu iliweza kuchukua pia habari za rafiki zao, ambao hawakuulizwa neno. Habari hizo zikafika kwa kampuni iliyoitwa Cambridge Analytica, ambayo kazi yake ilikuwa kuwashawishi wapiga kura.

Jambo hili lilijulikana kwa watu wote mwaka 2018. Facebook yenyewe ikasema kwamba waliochukuliwa habari zao huenda wakafika milioni 87. Pigeni hesabu: kwa kila mtu mmoja aliyekubali, habari za watu zaidi ya 300 zilichukuliwa. Cambridge Analytica ilifungwa mwaka ule ule, na mwaka 2019 serikali ya Marekani iliitoza Facebook faini ya dola bilioni 5 kwa kutolinda siri za watu kama ilivyoahidi.

Nchi zetu nazo zimetunga sheria za kulinda habari za mtu, Kenya mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Kwa sheria hizo, anayekusanya habari zako hana budi kukueleza anazitakia kazi gani, nawe una haki ya kuziona na kutaka makosa yasahihishwe. Sheria ni ukuta mwema, lakini ukuta haumfai mtu aachaye mlango wazi.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya kubonyeza neno "Kubali", jiulize: Programu hii ni ya kazi gani, nayo yahitaji ruhusa inayoomba? Programu ya tochi haina haja ya kujua majina ya rafiki zako. Ikiwa simu ni ya mama au ya kaka, muulize kwanza. Namba ya siri usimwambie mtu. Wala usitume picha ya mwenzako pasipo idhini yake, maana ikiisha kutoka mkononi mwako, huwezi kuirudisha.

Tumefundishwa kumpenda jirani. Kumpenda ni pamoja na kumtunzia siri yake, hata pale asipokuwapo kujitetea. Simu yaweza kuwa ya mtu mmoja, lakini maji yaliyomo katika mtungi ni ya nyumba nzima.