Ujanja wa Kamera: Video ya Afya Imefundisha au Imefurahisha Tu?

Tuwaze video moja fupi. Mtoto anatoka chooni. Ghafla mikono yake inajaa vidudu vya kijani vyenye macho na meno. Anakimbilia bidoni la maji, ananawa kwa mwendo wa kasi, vidudu vinatoweka, mikono inang'aa kama kioo. Watazamaji wanacheka na kupiga makofi. Kijana aliyeitengeneza, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kazi ya video, anarudi nyumbani na furaha.

Je, video hiyo imefanya kazi yake? Makofi peke yake hayawezi kutujibu. Sisi wa afya tunauliza hivi: kesho yake, mtoto aliyeitazama atanawa mikono namna gani? Kama atanawa kwa sekunde tatu kama alivyoona, basi video imefurahisha watu na imefundisha vibaya.

Kwa nini tunatumia ujanja?

Kidudu cha kipindupindu ni kidogo mno, hakionekani kwa macho. Maji yanaweza kuwa maangavu kabisa na bado yakaleta ugonjwa. Kwa hiyo mwenye kamera hutafuta njia ya kuonyesha kisichoonekana: anapaka mikono unga wa rangi, anachora vidudu kwenye kompyuta, au anakuza mbu mpaka ajaze picha nzima.

Ujanja huu si mgeni duniani. Mwaka 1896 Mfaransa Georges Méliès alikwishautumia. Kamera inasimamishwa, kitu kilicho mbele yake kinabadilishwa au kuondolewa, kisha kamera inaendelea. Mtazamaji anaona mtu ametoweka kama kwa uchawi. Leo kijana wa Gishubi, Gitega, au wa Gasorwe, Muyinga, anaweza kufanya hivyo kwa simu ya mkononi. Kazi ngumu ni kujua kama mtazamaji ameelewa kile ulichokusudia.

Waliotutangulia

Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, kikundi cha L. A. Notcutt na G. C. Latham kilitengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika, zikiwemo za afya. Walizibeba kwa lori, wakazionyesha Tanganyika na nchi za jirani, na wakawa wanaandika jinsi watu walivyozipokea. Katika miaka ya 2000, shirika la FilmAid lilionyesha filamu katika kambi ya Kakuma, Kenya, na katika kambi za magharibi mwa Tanzania. Vijana wakimbizi nao walifundishwa kushika kamera na kutengeneza video zao wenyewe.

Tangu zamani wenye kazi hii husimuliana kisa kimoja. Wanakijiji walionyeshwa mbu aliyekuzwa akawa mkubwa kama ng'ombe. Baadaye walisema: "Poleni sana ninyi mnaoishi na mbu wa namna hiyo. Wetu ni wadogo, hawana taabu." Waliosimulia kisa hiki waliwacheka watazamaji. Lakini watazamaji hao hawakukosea: kwao hakukuwa na mbu mkubwa vile. Aliyekosea ni aliyekuza picha bila kuonyesha kwanza mbu wa kawaida juu ya mkono wa mtu, kisha kumkaribia kidogo kidogo.

Kwanza, jihukumu mwenyewe

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Ukimaliza video, usiikimbize kwa watu siku hiyo hiyo. Iache ilale siku moja au mbili, kisha itazame kama mgeni. Kabla ya kuitazama, andika sentensi moja: "Nataka mtu akishaona video hii afanye jambo gani?" Itazame mara moja ikiwa na sauti na mara moja bila sauti. Penye kila ujanja simamisha na ujiulize:

1. Je, nimeharakisha picha mahali ambapo muda ndio somo? Kusugua mikono kwa sabuni kunataka angalau sekunde 20. Ukitaka kuharakisha, harakisha mtoto anapokimbia, usiharakishe anaponawa.

2. Je, kung'aa kunadanganya? Ukionyesha maji machafu yakigeuka maangavu kwa ujanja, mtu ataamini kwamba maji maangavu ni maji salama.

3. Je, vipimo vinaonekana? Maji ya chumvi na sukari yanayotengenezwa nyumbani yana kipimo chake: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Ukikata picha ovyo, mama anaweza kubadilisha sukari na chumvi, na chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Hapo usitie ujanja wowote. Onyesha mkono, kijiko, na hesabu.

4. Je, kidudu changu kinachekesha kuliko kinavyoonya? Watoto wakikipenda, watakumbuka kidudu na kusahau sabuni.

Andika majibu yako. Ukiona kosa, lirekebishe kabla ya kuita watu.

Pili, waulize waliotazama

Sasa tafuta watazamaji wachache, sita hadi kumi kwa kila kundi. Wamama peke yao, vijana peke yao, wazee peke yao, watoto peke yao. Wakichanganywa, mzee atasema na wengine watanyamaza. Usichague rafiki zako tu. Kumbuka pia lugha: mwenye Kibembe, Kifuliiru au Kinyamulenge anaweza kuelewa picha tofauti na anayesikia Kiswahili vizuri.

Kuna jambo moja linalotusumbua sisi sote: adabu. Mgeni akiuliza "Chakula kilikuwa kizuri?" nani atamwambia hapana? Ukiuliza "Mmependa video yangu?" watajibu "Ndiyo, mwanangu, umefanya vizuri." Jibu hilo ni la kukuheshimu, halikusaidii kurekebisha. Ikiwezekana, mwenzako ndiye aulize, na wewe ukae pembeni ukiandika. Maswali mazuri ni kama haya:

– Tueleze ulichoona, tangu mwanzo hadi mwisho.
– Vile vitu vya kijani mikononi ni nini? Vilitoka wapi? Vilikwenda wapi?
– Mtoto alifanya nini, na kwa muda gani? Hebu tuonyeshe kwa mikono yako.
– Kuna mahali ulipotea au ulichoka?
– Ukifika nyumbani utamwambia nini jirani yako?

Swali la tatu ni muhimu kuliko yote. Mtu anaweza kusema vizuri kwa mdomo, lakini mikono yake ndiyo inayoonyesha alichojifunza. Mtu akiwa anaeleza, usimkatize wala usijitetee. Ukisema "Hapana mama, ile ilikuwa na maana hii," umekwisha kumfunga mdomo. Kama video inahitaji wewe usimame pembeni kuieleza, bado haijaisha. Andika maneno yao kama walivyoyasema.

Tatu, chagua cha kurekebisha

Si kila maoni yanafuatwa. Mmoja atataka muziki zaidi, mwingine atasema muziki umezidi. Hayo ni mapendeleo, wewe amua. Lakini mtazamaji hata mmoja akielewa jambo la afya kinyume, hiyo ni hatari. Tafuta picha iliyompotosha na uibadilishe, hata kama ndiyo uliyoihangaikia usiku kucha. Ukiwa na shaka, mwonyeshe mhudumu wa afya kabla ya watu wengine.

Usiwasahau wale uliowapiga picha. Mwaka 1967, katika kisiwa cha Fogo huko Kanada, wavuvi walionyeshwa kwanza picha zao wenyewe, wakatoa idhini kabla hazijapelekwa kwa wengine. Kwetu wakimbizi jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa sura ya mtu ikisambaa inaweza kumletea hatari. Mtu akisema "Mnitoe," mtoe bila ubishi.

Ukisharekebisha, onyesha tena kwa kundi jingine ambalo halijaiona. Uliza maswali yale yale na ulinganishe majibu.

Dawa hupimwa kabla ya kupewa mgonjwa. Video ya afya nayo ipimwe, maana kipindupindu kinaweza kumuua mtu kwa saa chache asipotibiwa, na watu hutenda kama walivyofundishwa. Vijana, ujanja wenu tunaupenda na tunauhitaji. Siku mtazamaji atakaposahau kuusifu, lakini akasugua mikono yake kwa sabuni mpaka mwisho, mjue video yenu imefaulu. Kuuliza si ujinga.