Mtetezi wa Manusura: Siku Zinazofuata Kuondoka (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizopita tulipitia Sheria ya Kenya ya Ulinzi Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015, tukaona polisi wanadaiwa nini na mwanamke anayefika kituoni na jicho lililovimba. Leo tumfikie mtu asiyevaa sare wala joho: mtetezi anayempokea manusura katika makao salama, akamsindikiza hospitalini, polisi na mahakamani, kisha akabaki naye wengine wote wakishakwenda zao.

Tuchukue mama mmoja wa Siongiroi, kaunti ya Bomet, mwenye watoto watatu na ng'ombe wawili wa maziwa. Nimemtunga, ili tusimwanike yeyote.

Majirani wa mama huyu wana swali moja: mbona haondoki? Ni swali la watu wanaodhani hatari iko ndani ya nyumba na usalama uko nje ya lango. Mtetezi aliyeizoea kazi hafikiri hivyo. Mwanamume anayepiga ili atawale hupokonywa utawala wake siku mke anapofunga mzigo, na hapo ndipo wengine huamua kuua. Septemba 2024 tuliliona Trans Nzoia. Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyekuwa ametoka majuzi tu kukimbia marathoni ya Olimpiki jijini Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto na aliyekuwa mwenzi wake, akafariki Septemba 5 hospitalini Eldoret. Alikuwa na kipato chake na jina lake, na wawili hao walikuwa wameshaachana. Kilichobaki kati yao ni ugomvi wa kipande cha ardhi.

Ndiyo maana mtetezi hamwambii mtu "toka leo". Huketi naye kwanza na kupima hatari. Katika miaka ya 1980 muuguzi na mtafiti wa Marekani, Jacquelyn Campbell, alitunga orodha ya maswali ambayo hadi leo hutumika katika nchi nyingi: je, mume ana silaha? Amewahi kusema atakuua? Kipigo kimezidi mwaka huu? Anakuandama kwa wivu kila uendako? Swali ambalo mimi ningelitanguliza ni hili: amewahi kukukaba koo? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba uwezekano wa kuuawa kwa mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mwenzi wake ulikuwa zaidi ya mara saba ya ule wa mwanamke ambaye hajakabwa. Wanawake wengi hulitaja jambo hili mwisho kabisa, baada ya kueleza makofi na mateke, kwa sababu halikuacha kidonda. Kukabwa kunaweza kuacha shingo safi. Sauti ikakwaruza, kumeza kukauma, macho yakawa na madoa mekundu, na hayo hupotea kwa siku chache. Mtetezi anayejua hili humwomba daktari au afisa wa kliniki ayaandike katika P3, fomu ya polisi ya majeraha, kabla hayajapotea. Fomu isiyotaja koo ikifika kwa hakimu, itasomeka kama ugomvi wa kawaida wa mume na mke.

Na hapa ndipo ilipo sehemu kubwa ya kazi yenyewe, yaani katika karatasi. Ripoti ikiandikwa katika kitabu cha matukio cha polisi, mtetezi huondoka na namba ya OB. P3 hutolewa bure, na anayedai ada huulizwa risiti. Kama kulikuwa na ubakaji, kuna fomu nyingine inayojazwa hospitalini, na saa zinahesabika: dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zianze kabla ya saa 72 kupita, na za kuzuia mimba kabla ya saa 120. Mama wa Siongiroi aliyebakwa Ijumaa usiku, akasubiri Jumatatu ili wajumbe wa familia wakutane kwanza, amekula karibu saa zote za dawa ya kwanza. Mtetezi anayepokea simu yake Jumamosi asubuhi amwelekeze hospitali ya Longisa au ya Sigor kwanza, polisi baadaye.

Nitaje kasoro moja ya sheria, maana huwatatiza hata watetezi wazoefu. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006, katika kifungu cha 43, inawaondoa watu waliooana kihalali katika masharti ya kifungu hicho. Miaka tisa baadaye, sheria ya 2015 ikataja waziwazi dhuluma ya kingono ndani ya ndoa kuwa ni dhuluma ya nyumbani. Kwa hiyo mke anayelazimishwa na mumewe anaweza kuombewa amri ya ulinzi, lakini kumshtaki mume huyo kwa ubakaji ni mlima. Bunge limeishi na mgongano huo kwa muda mrefu mno.

Tugeukie pesa. Msomaji wa mbali akisikia Bomet huwazia chai tupu. Siongiroi iko Chepalungu, upande wa joto, ambako nyumba huendeshwa kwa maziwa na mahindi. Majani chai yako juu, Konoin na ng'ambo Kericho. Lakini mtego ni mmoja pande zote. Mama hukamua alfajiri na kupeleka maziwa, malipo yakaingia katika akaunti ya jina la mume. Kule juu mama huchuma chai mwaka mzima, bonasi ya KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, ikatoka kwa mwenye namba ya mkulima, na kila anayeishi huko anajua jinsi vituo vya mjini vinavyochangamka msimu huo. Katika mashamba makubwa ya kampuni hali ni ngumu kwa namna nyingine, kwa kuwa nyumba ni ya mwajiri, na kumkimbia mume mwenye ajira ni kuikimbia nyumba pia. Wala kazi yenyewe haikuwa kimbilio kwa wote: Februari 2023 BBC ilitangaza ushahidi wa wanawake zaidi ya 70 waliosema wasimamizi wa mashamba ya chai ya Kericho waliwadhulumu kingono.

Sheria ya 2015 inaiita hali hii ya pesa dhuluma ya kiuchumi. Mtetezi mwerevu huichukulia pia kama ushahidi wa mali. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kazi ya shambani, malezi na kazi za nyumbani kuwa mchango, lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali, na kila mmoja athibitishe mchango wake. Basi zile stakabadhi za maziwa ambazo mama alikuwa akizichomeka kwenye dari ya jikoni zina thamani. Ukiniuliza kitu cha kubeba unapokimbia, nitasema kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na stakabadhi hizo. Nguo zitapatikana.

Nao wazee? Wako waandishi wa mjini wanaowataja wazee wa kokwet, yaani baraza la kijiji, kama kizuizi tu. Sikubaliani nao kabisa, ingawa nakubali kwamba vikao vingi huishia mume kutozwa faini na mke kurudishwa nyumbani jioni ileile. Katiba, kifungu cha 159, inatambua njia za jadi za kusuluhisha, mradi zisivunje haki za msingi. Kwa kosa la kijinsia hawana mamlaka ya kulifuta: uamuzi wa kusimamisha mashtaka si wao, si wa familia, wala si wa mama mwenyewe. Lakini mzee aliyeketi katika kikao cha kwanza, cha pili na cha tatu kuhusu kipigo cha nyumba ileile ni shahidi aliyeshuhudia jambo likijirudia. Mtetezi anayewaamkia wazee kwa heshima, akauliza tarehe na waliokuwepo, hupata kitu ambacho polisi hawana.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mfululizo huu. Sheria ya 2015 inampa hakimu uwezo wa kumwondoa mdhulumu katika nyumba ya pamoja, hata kama nyumba ni mali yake, na inaruhusu amri ya muda kutolewa kabla mume hajasikizwa, kama kuchelewa kutaleta madhara. Akiivunja, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa hadi miezi 12, au vyote viwili. Kwa sheria hiyo, anayestahili kubeba begi ni mume. Kwa nini basi mama ndiye anayelala kwenye kitanda cha makao akiwa na watoto, wakikosa shule?

Jibu liko katika boma. Nyumba ya mama wa Siongiroi imejengwa katika shamba la baba mkwe, ndugu wa mume wakiwa upande wa pili wa ua. Hakimu wa Bomet akitia sahihi saa sita mchana, nani atakuwa pale saa tatu usiku? Sheria iliona hilo kwa kiasi fulani, maana bughudha ya wakwe nayo imetajwa kama dhuluma. Hata hivyo amri haiwezi kuzuia mlango usivunjwe. Ndipo makao salama yanapohitajika. Mtetezi hutumia majuma hayo kuupeleka mbele mpango wa kumrudisha mama kwake huku amri ikiwa mkononi: nakala kwa chifu, nakala kwa dawati la jinsia la polisi, namba ya afisa aliyepo zamu, na jirani mmoja mwenye simu isiyozimwa.

Siri ya makao nayo si rahisi vijijini, kwani anayeshuka matatu kituoni huonekana na soko zima. Ndiyo maana wengine hupelekwa kaunti nyingine. Simu hukaguliwa isiwe inatuma mahali ilipo, na hata ujumbe wa M-Pesa uliotumwa kwa dada unaweza kumfikisha mume mlangoni.

Wengine hurudi kwa mume bila amri yoyote. Hapa mtetezi mchanga huvunjika moyo, akahisi amesalitiwa. Mkongwe hafungi faili. Humwekea mama nakala za karatasi kwa kogo, yaani nyanya, au kwa mtu mwingine anayeaminika, wakakubaliana neno la dharura la kutuma kwa simu, akamwandikia kando namba 1195 ambayo kupiga ni bure usiku na mchana, na wakataja mwenye bodaboda atakayeamka bila kuuliza maswali.

Juma lijalo tutawaangalia watoto: nani huwahamishia shule nyingine, na mahakama hutaka nini kabla ya kumpa mama malezi.