Mwenye Njaa Hana Miiko: Kuyashinda Mawazo ya Chakula Unapofuata Mlo Bora

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunapenda kuzungumzia jambo ambalo wagonjwa wengi hutueleza kwa sauti ya chini, kana kwamba ni aibu. Mtu ameshauriwa kubadili ulaji wake kwa sababu ya kisukari, shinikizo la damu au unene uliozidi, naye ameitikia vizuri. Lakini tangu siku aliyoanza, akili yake haibanduki kwenye chakula. Amenawa mikono sasa hivi baada ya kula, tayari anawaza mlo ujao. Yuko shambani, anawaza maandazi. Yuko kwenye mkutano wa jumuiya, macho yako kwenye birika la chai. Usiku anaota anakula pilau.

Wengi hudhani huo ni ulafi, au kwamba wao ni watu wasio na msimamo. Baada ya wiki tatu au nne husema, "Nimeshindwa," wakarudia ulaji wao wa zamani, na wengine huona haya hata kurudi kliniki. Hapo ndipo ilipo hatari. Kisukari kisichotunzwa huharibu macho, figo na miguu, na shinikizo la damu lisilotunzwa huleta kiharusi. Kwa hiyo tusilidharau jambo hili. Kwanza tuone mawazo hayo yanatoka wapi, kisha tuone la kufanya.

MAWAZO HAYA YANATOKA WAPI?

Wazee wetu walisema mwenye njaa hana miiko. Walijua kwamba njaa ikizidi, makatazo yote husahauliwa. Sayansi nayo imethibitisha hivyo.

Mwili wetu una namna ya kuuarifu ubongo juu ya akiba ya chakula. Tumbo likiwa tupu hutoa homoni iitwayo ghrelini, ambayo wataalamu wa Japani waliitangaza mwaka 1999. Hiyo huuambia ubongo, "Tafuta chakula." Mafuta yaliyohifadhiwa mwilini nayo hutoa homoni nyingine iitwayo leptini, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1994. Hiyo huuambia ubongo, "Akiba ipo, tulia." Mtu anapopunguza chakula kwa ghafla na kwa kiasi kikubwa, leptini hushuka na ghrelini hupanda. Ubongo haujui kwamba umeshauriwa na daktari. Unachojua ni kwamba ukame umeingia, basi unapiga kengele mchana na usiku.

Jambo hili lilionekana wazi katika utafiti uliofanyika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, miaka ya 1944 na 1945, chini ya mtaalamu Ancel Keys. Vita Kuu ya Pili ilikuwa inaelekea mwisho, na watu wengi huko Ulaya walikuwa na njaa. Wataalamu walitaka kujua namna nzuri ya kuwarudishia afya watu wa namna hiyo. Vijana 36 wenye afya njema, waliokataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri zao, walijitolea kula chakula kidogo kwa muda wa majuma 24. Walipungua karibu robo ya uzito wao.

Angalia yaliyowapata. Walizungumza juu ya chakula kutwa. Waliota chakula. Wengine walianza kusoma vitabu vya mapishi na kukusanya maelezo ya namna ya kupika, ingawa hapo awali hawakuwa na habari na jiko. Walilamba sahani. Hata waliporuhusiwa kula tena, wengi waliendelea kuwa na njaa kubwa kwa muda mrefu. Hawa walikuwa vijana wenye msimamo kiasi cha kukataa bunduki. Hawakuwa walafi. Ni njaa iliyokuwa inasema ndani yao.

Basi, ndugu msomaji, fundisho letu la leo ni hili: mara nyingi mawazo ya chakula yasiyokwisha ni dalili kwamba mlo wako umekuwa mdogo mno, au umepangwa vibaya. Dawa yake ya kwanza ni kula vizuri zaidi, wala si kujikaza zaidi.

MAKOSA MATATU YANAYOCHOCHEA

1. Kuruka milo. Tuchukue mfano wa mama aliyeambiwa apunguze uzito. Asubuhi anakunywa chai kavu. Mchana hali kitu, anasema "nafunga." Jioni anapika chakula cha familia huku mikono inatetemeka kwa njaa. Anaonja mara tano, kisha anakula sahani mbili, na usiku anamaliza ukoko. Mwisho wa siku amekula kuliko zamani, na moyoni ana huzuni. Kosa lake halikuanza jioni. Lilianza asubuhi.

2. Kula majani peke yake. Wapo wanaosikia "punguza wanga" wakaelewa "acha ugali kabisa." Wanabaki na mchicha na maji. Baada ya saa moja tumbo liko tupu tena. Mboga za majani ni nzuri sana, lakini peke yake hazimshibishi mtu anayelima.

3. Kujiwekea marufuku kali mno. Ukimwambia mtu asifikirie jambo fulani, ndipo analifikiria zaidi. Mwaka 1987 mtaalamu wa Marekani, Daniel Wegner, pamoja na wenzake waliwaomba wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5. Hawakuweza. Dubu alirudi tena na tena, na baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, alizidi kuwajia. Hata sisi tukikuambia usifikirie embe bivu, je, si umekwisha kuliona? Kadhalika anayeapa kwamba hataonja chapati maisha yake yote atakuwa na chapati kichwani kila siku.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kula kwa saa maalumu. Milo mitatu kwa siku, na ikiwa nafasi kati ya mlo na mlo ni ndefu, weka kitu kidogo kama tunda moja au konzi ndogo ya karanga zisizo na chumvi. Mwili ukijifunza kwamba chakula kitakuja saa saba bila kukosa, huacha kupiga kengele saa nne.

Pili, igawe sahani yako. Nusu yake iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu, kabichi, bamia au nyanya chungu. Robo iwe ugali, wali, ndizi au viazi. Robo iliyobaki iwe maharage, kunde, choroko, dagaa, samaki, yai au nyama isiyo na mafuta mengi. Robo hii ya mwisho isisahauliwe, kwa maana vyakula vya namna hiyo hushibisha kwa muda mrefu. Wenye ugonjwa wa figo wapate kwanza ushauri wao wa pekee kliniki.

Tatu, chagua vyakula visivyokobolewa. Ugali wa dona una pumba na kiini cha mahindi, kwa hiyo husagwa tumboni polepole kuliko wa sembe. Tunda zima hushibisha kuliko juisi yake. Soda nayo huingia haraka, huacha njaa nyuma yake, na chupa moja ya mililita 300 kwa kawaida ina gramu 30 hivi za sukari, yaani vijiko 7 hadi 8 vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa mtu mzima kwa siku, na ikiwezekana ipungue hadi 25.

Nne, kula taratibu. Tumbo huchukua kama dakika 20 kuufikishia ubongo habari kwamba limeshiba. Kaa chini, tafuna vizuri, ngoja kidogo kabla ya kuongeza.

Tano, lala vya kutosha. Asiyelala vizuri huamka na njaa kubwa, na hamu yake huelekea kwenye vitu vitamu na vya mafuta.

Sita, acha nafasi ya kile unachokipenda. Kwa wengi, chapati moja siku ya Jumapili, ikiliwa mezani pamoja na mboga na maharage, haiharibu kazi ya wiki nzima. Chapati nne zilizoliwa kwa kujificha ndizo zinazoharibu.

WAZO LINAPOKUJA

Hata anayekula vizuri atajiwa na mawazo ya chakula, hasa majuma ya kwanza. Linapokuja, jiulize: "Nimekula lini mara ya mwisho?" Ikiwa zimepita saa nne au tano, hiyo ni njaa ya kweli. Kula. Ikiwa umekula hivi karibuni, jiulize tena: "Nina kiu? Nimechoka? Nina hasira, upweke au wasiwasi wa ada ya shule?" Mara nyingi moyo ndio unaotaka kutulizwa, na tumbo linasingiziwa tu.

Usipigane na wazo hilo. Liache lipite kama mgeni asiyeketi. Kunywa maji, toka nje, fua nguo mbili tatu, mtembelee jirani, palilia bustani. Mara nyingi hamu ya namna hiyo hupungua ndani ya nusu saa. Na kama ukishindwa ukala andazi, basi umekula andazi moja. Mlo unaofuata ule kama kawaida. Usijiadhibu kwa kukaa na njaa, maana hapo unarudi kwenye kosa la kwanza.

FAMILIA ISAIDIE

Tumeona nyumba ambamo mgonjwa hupikiwa chungu chake kidogo kisicho na ladha, huku wengine wakila viazi vya kukaanga mbele yake. Hiyo ni kumwonea. Mlo tulioueleza hapa unawafaa baba, mama na watoto waliokwisha kuanza shule. Pikeni chungu kimoja, punguzeni mafuta na chumvi kwa wote, na tumieni vitunguu, nyanya, tangawizi na ndimu kuongeza ladha. Chumvi ya mtu mzima kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai. Nanyi watoto, msimwambie mama, "Wewe huruhusiwi." Mwambieni, "Mama, karibu tule."

Mwaliko wa arusi au ubatizo nao usiwe mtego. Kula kitu kidogo nyumbani kabla ya kwenda, uanze na mboga ukifika, na mwenye nyumba asimlazimishe mgeni kuongeza.

DALILI ZA KUANGALIA KWA MAKINI

(a) Njaa ya ghafla pamoja na kutetemeka, jasho jembamba, moyo kwenda mbio au kuchanganyikiwa, kwa mtu anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi. Hapo sukari imeshuka. Usimwambie avumilie. Ukiwa na kipimo na ukaona iko chini ya milimoli 4 kwa lita, au huna kipimo lakini dalili zipo, mpe mara moja vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari. Ngoja dakika 15. Kama bado, mpe tena. Akipata nafuu, ale chakula. Akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali.

(b) Njaa isiyokwisha pamoja na kiu kali, kukojoa mara kwa mara na kukonda. Hii yaweza kuwa dalili ya kisukari. Nenda ukapimwe.

(c) Hamu ya kula udongo au barafu, hasa kwa mama mjamzito. Mara nyingi huambatana na upungufu wa damu.

(d) Mtu, na hasa kijana, anayekula chakula kingi kwa siri kisha akajitapisha, au anayekataa kula kwa hofu ya kunenepa hali amekonda. Huo ni ugonjwa unaotibika. Asikemewe, aletwe.

(e) Njaa iliyoanza baada ya dawa mpya, kwa mfano prednisoloni. Usiikatishe dawa mwenyewe. Mwone daktari.

Tunaongeza onyo moja. Msinunue vidonge na chai za kupunguza mwili zinazouzwa mitaani au kwa njia ya simu. Dawa iitwayo sibutramini, iliyokuwa ikitumika kuondoa njaa, ilisimamishwa Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara kwa moyo, na bado imekutwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazoitwa za asili.

Kuhusu Kwaresima, sheria ya Kanisa ya kufunga huwabana watu wazima kuanzia miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wao wa 60, na mgonjwa ambaye kufunga kutamdhuru habanwi nayo. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari aongee na kliniki yake kabla ya kufunga, na paroko atamsaidia kuchagua sadaka nyingine.

Wapenzi wasomaji, mlo bora ni njia ya kutembea miaka mingi, haufanani na mbio za siku moja. Wewe uliyeacha kuja kliniki kwa kuona haya, rudi. Mwambie muuguzi waziwazi, "Nawaza chakula kutwa." Hatutakucheka. Tutakuuliza umekula nini asubuhi, na tutaanzia hapo.