Neno "Manamba" na Sifa ya Nchi ya Ubena

Katika Kiswahili yako maneno ambayo, pamoja na kutaja kitu, hubeba hukumu juu yake. Mshamba kwa asili ni mtu wa shamba, wala hapana aibu ndani yake. Lakini mtu wa mjini alitamkapo, mara nyingi huwa tusi. Neno manamba ni la jamii hiyo hiyo, na historia yake yahusu sana nyanda za juu za Njombe, yaani nchi ya Wabena, ambamo Mdandu ulikuwa makao ya watawala wa ukoo wa Mbeyela.

Shina lake ni namba, neno lililotoka katika Kiingereza. Zamani za utawala wa Kiingereza, mtu aliyeandikwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge alipewa namba, na kwa namba hiyo akahesabiwa na kusafirishwa. Kiambishi ma- peke yake hakina dharau; husemwa mabwana, makarani na mafundi. Dharau yatoka katika shina. Fundi ametajwa kwa kazi yake, lakini manamba ametajwa kwa hesabu tu. Hata akiwa mmoja, huitwa manamba vile vile.

Wilaya ya Njombe ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizotoa watu wengi wa namna hiyo, hasa baada ya wenye mashamba ya mkonge kuanzisha ofisi yao ya kuandika wafanyakazi, Silabu, mwaka 1944. Kwa hiyo wengi wa nje walidhani mambo mawili: kwamba Ubena ni nchi ya baridi isiyozaa kitu, na kwamba watu wake ni wanyonge waliozaliwa kutumwa.

Dhana ya pili yakanushwa na historia. Katika Vita vya Maji Maji, Septemba 1905, Mbeyela wa Mdandu na watu wake waliishambulia misheni ya Wajerumani ya Yakobi. Hao hawakuwa watu wa kutumwa.

Dhana ya kwanza yataka maelezo zaidi. Baridi ni ya kweli. Kati ya Juni na Agosti hata jalidi huanguka. Lakini si baridi iliyowatoa watu kwao. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha haikupatikana karibu. Reli zilikuwa mbali, na mahindi hayakuweza kulipa gharama ya safari yake mwenyewe. Mzigo pekee ulioweza kujipeleka sokoni kwa miguu yake ulikuwa mtu.

Ushahidi ni kwamba mambo hayo yalipobadilika, ardhi ilikuwa ile ile. Mwaka 1949 ilianzishwa kampuni ya miwati, miti ambayo magome yake hutumika kutengenezea ngozi. Chai nayo ikapandwa. Reli ya Tazara, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ikapita Makambako. Leo baridi ile iliyotajwa kama laana ndiyo ifaayo viazi, tufaha na parachichi. Na watu wa nje, ambao zamani walikuja kuchukua wafanyakazi, sasa huja kutafuta mashamba. Njombe imekuwa mkoa wake yenyewe tangu 2012.

Hata hivyo desturi ya kumtaja mtu kwa hesabu haijakoma. Uchunguzi wa kitaifa wa 2016–17 ulionyesha kwamba Njombe iliongoza Tanzania Bara kwa maambukizo ya virusi vya Ukimwi, asilimia 11.4 ya watu wazima. Hesabu hiyo ni ya lazima kwa mganga apangaye dawa. Lakini wako waifanyao kuwa tabia ya kabila, na hapo mtu wa Njombe hupewa namba mara ya pili.

Basi mtungaji wa kamusi afasilipo manamba, haitoshi kuandika "kibarua wa shamba la mkonge". Yafaa aongeze ni nani aliyetoa namba hiyo, na kwa nini mtu alikubali kuipokea. Bila hayo, kamusi itahifadhi tusi na kuipoteza sababu yake.